Ndoa ya Kihindu na Orodha ya Makosa: Majibu kwa Watetezi Wake

Hoja zao mmezisikia. Zimetolewa kila ulipofikishwa mbele ya Bunge la India muswada wa kurekebisha Sheria ya Ndoa za Kihindu ya 1955, mawakili wameziandika, wazee wa jamii wamezirudia, na ukikaa na familia za Kihindu za Nairobi au Dar es Salaam utakuta zimevuka bahari. Kwa ufupi zinasema hivi: mume au mke ambaye hakuafikiana na mwenzake kuhusu talaka hana budi kuthibitisha kosa mojawapo kati ya yale yaliyoorodheshwa na sheria, akishindwa, abaki ndani ya ndoa yake, na utaratibu huu usiguswe. Nimezisoma kwa makini, kwa kuwa wengi wanaozitoa ni watu wenye elimu na nia njema. Ninyi nawaomba mkalie kiti cha hakimu. Nitaieleza kila hoja kama wenyewe wanavyoieleza, kisha mtapima kama inasimama.

Orodha yenyewe iko katika kifungu cha 13. Anayetaka talaka bila ridhaa ya mwenzake lazima aoneshe mojawapo ya mambo haya: uzinzi, ukatili, kutelekezwa kwa miaka 2 mfululizo, mwenzake kuuacha Uhindu na kuingia dini nyingine, maradhi ya akili yasiyotibika, au ya kiwango ambacho huwezi kumtarajia mtu aishi nayo, ugonjwa wa zinaa unaoambukiza, mwenzake kuukana ulimwengu na kuingia utawani, au kutosikika kuwa yu hai kwa miaka 7. Mke ameongezewa sababu chache za peke yake, ikiwamo mume kupatikana na hatia ya ubakaji. Sheria hiyo inawahusu pia Wabudha, Wajaini na Masingasinga. Kwamba ndoa imekufa na hakuna awezaye kuifufua si sababu katika orodha hiyo. Hapo ndipo penye mgogoro.

Wanaanza na dini. Ndoa ya Kihindu, wanasema, ni agano takatifu. Bwana na bibi harusi hutembea hatua 7 mbele ya moto, na ya 7 ikikamilika hakuna mwanadamu wa kuwatenganisha. Talaka kwao ni kitu kilichopandikizwa na wanasheria waliosomea Uingereza. Habari ya hatua 7 ni kweli kabisa, na kifungu cha 7 cha sheria hiyohiyo kinaitambua. Kilichobaki si kweli. Kautilya, katika maandishi yake ya kale juu ya utawala, aliruhusu wanandoa wanaochukiana waachane katika aina fulani za ndoa. Jamii nyingi za Kihindu zilikuwa na talaka ya mila karne nyingi kabla ya 1955, na kifungu cha 29 kiliilinda waziwazi ili isifutwe. Dola ya Baroda ilitunga sheria ya talaka kwa Wahindu mwaka 1931, ikafuata Bombay mwaka 1947, Madras mwaka 1949 na Saurashtra mwaka 1952. Saurashtra ndiyo Kathiawar, chimbuko la familia nyingi za Kihindu zilizohamia Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Kwa hiyo anayesema huku kwetu kwamba babu zake hawakuijua talaka ana kazi ya kuueleza mwaka huo wa 1952.

Lakini tuseme historia yote hiyo haipo. Hoja ya agano takatifu ingali inajikata yenyewe. Kama agano halivunjiki, basi halivunjiki hata kwa uzinzi, hata kwa ukatili, hata mume akipotea miaka 7. Mtu hawezi kuitetea orodha ya sababu 8 za kuvunja ndoa kwa kusema kwamba ndoa haivunjiki. Achague moja.

Wengine, kwa kuona hatari hiyo, wanahamia kwenye hoja ya haki: orodha inahakikisha kwamba hakuna anayepewa talaka bila kosa lake kuthibitishwa, na asiye na hatia anabaki salama. Irudieni orodha muisome taratibu. Mwenye maradhi ya akili amekosa nini? Aliyeingia utawani amemkosea nani kwa maana ya jinai au ya uadilifu? Ukoma ulikuwa sababu ya talaka hadi mwaka 2019, ulipofutwa, ingawa ugonjwa huo ulikuwa unatibika kabisa kwa dawa miongo kadhaa kabla ya hapo. Maelfu ya siku mtu aliweza kuachwa kisheria kwa bakteria ambaye zahanati ingemmaliza. Sheria hii haijawahi kuwa ya makosa matupu. Tangu siku ya kwanza ilikubali kwamba kuna ndoa zinazokufa bila mkosaji. Ila ilichagua vifo vichache itakavyovitambua na kuvifumbia macho vingine. Anayesema msingi wake ni hatia hajaisoma mpaka mwisho.

Wala orodha hiyo si ya kale kama inavyosifiwa. Ukatili na kutelekezwa, sababu ambazo leo zimebeba mashauri mengi kuliko nyingine, hazikuwa sababu za talaka kwa miaka 21 ya mwanzo; zilikupa kutenganishwa na mahakama tu, mpaka marekebisho ya 1976 yalipozipandisha. Nataja pia, kwa kuwa naisikia ikitumiwa kutisha watu, ile kauli kwamba India imehalalisha uzinzi na hivyo orodha imekwisha kubomolewa. Mwaka 2018, katika kesi ya Joseph Shine, Mahakama ya Juu iliondoa adhabu ya jinai. Uzinzi ungali sababu ya talaka, na mahakama ilisema hivyo.

Inayofuata ni hoja wanayoipenda mawakili, nayo inastahili jibu refu. Makosa yaliyoorodheshwa, wanadai, yanaipa sheria uhakika. Hakimu anajua anatafuta nini, wanandoa wanajua wanasimama wapi. Kusema tu kwamba ndoa imevunjika kunamwachia kila hakimu apime kwa hisia zake.

Ushahidi juu ya uhakika huo ni kesi ya Samar Ghosh. Mume na mke, wote maofisa wa ngazi za juu katika utumishi wa umma, walioana mwaka 1984. Mume alilalamika kwamba mkewe aliamua peke yake kuwa kwa muda hawatazaa, kwamba alipika chakula chake mwenyewe tu na kumwacha mumewe ajitafutie, na kwamba mume alipougua mke hakumjulia hali. Huo ni ukatili? Mwaka 1996 mahakama ya wilaya ilisema ndiyo, ikatoa talaka. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Calcutta ilisema hapana, ikairudisha ndoa. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ilisema ndiyo, ikaivunja tena. Sheria ni ileile, ushahidi ni uleule, sufuria ni lilelile, na kwa miaka 11 watu wawili wazima hawakujua kama wameoana au wameachana. Sababu ya kuyumba huku iko wazi: sheria haikuueleza ukatili ni nini, na katika hukumu hiyohiyo majaji walisema hakuna kanuni moja ya kuupima, wakatoa mifano.

Angalieni sasa mfano wa mwisho waliouweka. Walisema kwamba wanandoa wakitengana muda mrefu mfululizo, yafaa kuhitimisha kuwa kifungo kimekatika, na kwamba kukataa kuivunja ndoa ya aina hiyo kunaweza kuwa ukatili wa akili. Soma mara mbili. Huko ni kuvunjika kwa ndoa kusikorekebishika, kumeingizwa kwa mlango wa nyuma na kupewa jina la ukatili. Uhakika ambao watetezi wanaulinda haupo tena. Kilichopo ni kuwalazimisha watu waliochoshana waitane wakatili ili wapate kile ambacho hakimu yuko tayari kuwapa kwa sababu nyingine kabisa.

Na kuitana wakatili kuna matokeo yake, jambo linalonipeleka kwenye dai kwamba orodha inalinda upatanisho. Wanaliweka hivi: ugumu wa kuthibitisha kosa unawarudisha wanandoa mezani, na kifungu cha 23 kinamwamuru hakimu ajaribu kuwapatanisha kwanza. Amri hiyo ipo, nami naiunga mkono. Lakini kifungu hichohicho cha 23 kinasema aliyesamehe ukatili au uzinzi wa mwenzake hawezi kuutumia tena kuomba talaka wala kutenganishwa. Katika kesi ya Dastane, iliyoamuliwa mwaka 1975, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mke alikuwa amemtendea mumewe ukatili: aliukata mkufu wa ndoa, alimfungia nje akirudi kazini, alitishia kujiua na kuichoma nyumba. Mume alishindwa. Kwa nini? Kwa sababu baada ya hayo aliendelea kuishi na mkewe kama mume na mke, wakapata mtoto mwingine. Alikuwa amesamehe.

Majaji walisema pia, na haki inanitaka niseme, kwamba msamaha huo una sharti: kosa likirudiwa, la zamani linafufuka. Hata hivyo fikirini wakili mwadilifu anamshauri nini mteja wake baada ya hukumu kama hiyo. Mke aliyepigwa Jumatatu, mume akalia na kuomba radhi Jumatano, je, amfungulie mlango? Akimfungulia anaanza kupoteza shauri lake, akimfungia analilinda. Sheria inayosifiwa kwa kupatanisha watu inamwadhibu mwenye moyo wa kujaribu tena. Kisha maandishi ya shauri yenyewe yanamaliza kilichobaki. Mwaka 1993, katika kesi ya Bhagat, talaka ilitolewa kwa sababu ya maneno ambayo mke aliyaandika katika majibu yake mahakamani, akidai mumewe na ukoo wake ni wagonjwa wa akili. Maneno hayo yalihesabiwa kuwa ukatili. Yaani utaratibu uliowekwa ili kuchunguza kama ndoa imeharibika ndio ulioiharibu, na uharibifu huo ukawa ushahidi.

Nimefika kwenye hoja ambayo wengi wanaiona ngome isiyobomoka. Mkiruhusu talaka kwa sababu ndoa imevunjika, wanasema, mnampa zawadi aliyeivunja. Mume atamfukuza mkewe, atakaa na mwingine, kisha atakuja mahakamani kusema: tazameni, imevunjika. Kifungu cha 23 kinamzuia mtu kunufaika na kosa lake mwenyewe, na kizuizi hicho kikiondoka hakuna haki tena. Hofu hii ni ya kweli. Mume wa namna hiyo yupo, na kila mmoja wetu anaweza kumtaja jirani.

Ila mume huyo ameshapata njia, tena ndani ya sheria hiihii wanayoitetea. Marekebisho ya 1964 yaliongeza kifungu kidogo cha 13(1A): mahakama ikishaamuru wanandoa warudiane, na muda uliowekwa ukapita bila kurudiana, yeyote kati yao anaweza kuomba talaka. Yeyote, hata aliyeamriwa kurudi akakataa. Muda huo ulikuwa miaka 2. Mwaka 1976 ulipunguzwa ukawa mmoja. Sikilizeni yaliyomkuta mke katika kesi ya Saroj Rani, huko Jalandhar. Alidai kuwa alifukuzwa nyumbani mwaka 1977. Akaenda mahakamani, si kuomba talaka, bali kuomba mumewe aamriwe kuishi naye. Mume akakubali mbele ya hakimu kwamba amri itolewe, nayo ikatolewa mwaka 1978. Mke akasema baadaye kwamba alipelekwa kwa mumewe, akakaa siku 2, akafukuzwa tena. Mahakama haikuona kwamba walirudiana. Mwaka ulipopita, mume ndiye aliyekuja na maombi ya talaka, akiwa na ushahidi mmoja tu: hatujaishi pamoja tangu ile amri. Mke akalia kwamba mtu huyu ananufaika na kosa lake mwenyewe. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ilimkatalia hoja hiyo, na mume akapata talaka. Kesi ya Dharmendra Kumar ya 1977 ilikuwa imeshatangulia kusema kwamba kukataa tu kurudiana si kosa la uzito huo.

Jiulizeni, basi, ngome inalinda nini. Mke alishinda shauri lake la kwanza, na ushindi huo ndio uliogeuzwa chombo cha kumwacha. Kama kuachwa na mkosaji ni dhuluma, dhuluma hiyo imo tayari, tena bila masharti: hakimu hakulazimika kuuliza mke ataishi wapi na kwa kipato gani kabla ya kuivunja ndoa, alichotakiwa ni kuhesabu miezi 12. Sheria ya kuvunjika kwa ndoa iliyoandikwa vizuri ingeweza kumlazimisha aulize. Watetezi wa orodha hawajawahi kunieleza kwa nini mlango wa nyuma usio na mlinzi ni salama kuliko mlango wa mbele wenye mlinzi.

Kuhusu talaka ya makubaliano sitakawia. Wanasema kifungu cha 13B, kilichoongezwa mwaka 1976, kinatosha: wanandoa wakitengana mwaka mmoja, wote wawili wakaomba pamoja, wakasubiri miezi 6, mahakama inatoa talaka bila kuuliza kosa. Tangu kesi ya Amardeep Singh ya 2017, hata ile miezi 6 hakimu anaweza kuisamehe. Vizuri. Lakini tunazungumzia talaka inayopingwa, yaani pale ambapo makubaliano hayapo. Kumwambia aliyenyimwa ridhaa kwamba angepata talaka kama angepewa ridhaa si jibu. Tena Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1991, katika kesi ya Sureshta Devi, kwamba ridhaa lazima idumu mpaka siku ya hukumu na kila mmoja anaweza kuiondoa. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwa kuwa ridhaa nyingine hupatikana kwa vitisho. Matokeo yake ni kwamba saini ina bei. Mwenye haraka analipa, asiye na haraka anapanga bei. Na katika ndoa mbovu mwenye haraka mara nyingi ni yule anayeumizwa.

Hivi karibuni wamepata kimbilio jipya: Mahakama ya Juu imeshalimaliza jambo hili, hakuna haja ya kulisumbua Bunge. Wanarejelea hukumu ya Shilpa Sailesh ya tarehe 1 Mei 2023, ambapo jopo la majaji 5 lilisema mahakama hiyo inaweza kuivunja ndoa iliyovunjika kiasi cha kutorekebishika, hata mmoja akipinga, kwa kutumia mamlaka yake ya ibara ya 142 ya Katiba. Hukumu ni hiyo, na mimi naipongeza. Isomeni yote. Mamlaka ya ibara ya 142 ni ya Mahakama ya Juu peke yake. Mahakama ya Familia ya Rajkot haina, Mahakama Kuu ya Gujarat haina. Majaji walisema pia kwamba hiyo si haki ya mtu bali ni hiari yao, na kwamba huwezi kuruka ngazi ukaenda moja kwa moja kwao kuiomba. Lazima kwanza shauri lako lipite chini. Katika vipimo walivyotaja, kutengana kwa zaidi ya miaka 6 ni jambo la kuzingatiwa.

Maana yake kwa lugha ya kawaida: mshonaji wa Rajkot na mfanyabiashara wa Mumbai wana ndoa zilizokufa sawasawa, ila mmoja ana nauli na wakili wa kufika New Delhi. Kifungu cha 21B kinaagiza mahakama zijitahidi kumaliza shauri la ndoa ndani ya miezi 6. Shauri la Dastane lilianza 1962 likaisha 1975. Mtu anayesema tatizo limekwisha kwa sababu mahakama moja ya nchi nzima inaweza kulitatua, baada ya ngazi zote, kama ikipenda, amekiri kwamba tatizo lipo na kwamba Bunge halijalitatua. Majaji wenyewe waliliomba Bunge lifanye hivyo tangu kesi ya Naveen Kohli mwaka 2006, na Tume ya Sheria ya India ilikuwa imependekeza hivyo hata kabla, mwaka 1978, ikarudia 2009.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna dai moja la karibu zaidi: hayo ni ya India, hayatuhusu. Kwa nusu ni kweli. Kenya ilikuwa na sheria yake ya ndoa na talaka za Kihindu tangu 1960, na Sheria ya Ndoa ya 2014 iliyochukua nafasi yake inaruhusu, katika kifungu cha 70, ndoa ya Kihindu kuvunjwa kwa sababu imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Tanzania Bara ilifika huko mapema. Sheria ya Ndoa ya 1971 inawahusu watu wa dini zote, nayo swali lake ni moja tu, kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Uzinzi, ukatili na kutelekezwa vinakuja kama ushahidi wa kuvunjika huko. Na kabla ya mahakama, wanandoa hupitia baraza la usuluhishi. Wahindu wa Tanzania Bara wameishi chini ya sheria hiyo zaidi ya nusu karne, na ndoa mbele ya moto zinaendelea kufungwa Dar es Salaam. Wanaotabiri maangamizi ya familia ya Kihindu siku India itakapoiga jambo hili wangeanza kwa kuyatafuta huku.

Nusu nyingine si kweli, na wenye ndugu pande zote mbili wanajua. Mwaka 1991, katika kesi ya Narasimha Rao, Mahakama ya Juu ya India ilikataa kuitambua talaka ambayo mume Mhindu aliipata Missouri, Marekani, kwa msingi wa kuvunjika kwa ndoa, kwa sababu msingi huo haumo katika sheria waliyooania. Ilikubali kwamba talaka ya nje inaweza kutambuliwa endapo, kwa mfano, yule mwingine ameridhia. Asiporidhia? Waliofunga ndoa Gujarat wakahamia Nairobi wanaweza kuachana kihalali Nairobi, na mmoja akitua Ahmedabad akakuta bado anahesabiwa kuwa ni mume wa mtu. Akioa tena, anaweza kujikuta anajibu shtaka la kuoa wake wawili. Orodha ya makosa inasafiri na cheti cha ndoa.

Nimeiacha iwe ya mwisho hoja yenye uzito kuliko zote. Orodha, wanasema, ndiyo ngao pekee ya mke asiye na kipato. Mradi hajakosa, mumewe hawezi kumwacha. Na mradi hajaachwa, ana paa na ana sahani. Ondoeni orodha, naye atatolewa nje mikono mitupu. Anayesema hivi ameiangalia India ilivyo, na sitamjibu kwa maneno mepesi. Chini ya sheria ya 1955 mke anayeachwa hana haki ya kugawiwa mali iliyochumwa katika ndoa. Kifungu cha 27 kinagusa tu zawadi za pamoja zilizotolewa wakati wa harusi. Kifungu cha 25 kinaipa mahakama uwezo wa kuamuru matunzo ya kudumu, lakini matunzo yanategemea hiari ya hakimu, na kuyapata mfukoni ni safari nyingine. Nyumba iliyoandikwa jina la mume ni ya mume.

Sasa fuateni hoja hiyo mpaka inapoishia. Kinachomtisha mke huyu ni njaa. Ngao aliyopewa ni kubaki na cheo cha mke wa mtu asiyemtaka, mara nyingi asiyeishi naye, ambaye anaweza kumfanyia lile la Saroj Rani, au kukata rufaa hadi New Delhi. Ngao hiyo haimpi chumba wala shilingi. Inampa kitu cha kuuza, yaani saini yake, na bei inapangwa na kiwango cha uchovu wake. Na kwa mke mwingine, yule anayetaka kutoka, ngao hiyohiyo ni kufuli: lazima athibitishe vipigo vilivyotokea nyuma ya mlango uliofungwa, mashahidi wakiwa ni mama mkwe na shemeji. Kesi ya Dastane ilimpunguzia mzigo kwa kusema anatakiwa kuonesha tu kwamba maelezo yake yanaelekea zaidi kuwa kweli, lakini dhidi ya ukoo mzima hata mzigo huo ni mkubwa.

Dawa ya njaa ni mali, na hilo limejaribiwa karibu nasi. Tanzania, ilipoifanya hali ya ndoa kuwa msingi wa talaka mwaka 1971, iliweka katika sheria hiyohiyo kifungu cha 114 cha kugawana mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilisema kazi za mke nyumbani ni mchango katika kuichuma mali hiyo. Utekelezaji una kasoro nyingi na wanawake wengi wa Tanzania wangali wanadhulumiwa, lakini mke anayesimama mbele ya hakimu anasimama na dai la haki. Haombi huruma.

India nayo ililetewa mpango wa aina hiyo. Muswada uliopitishwa na Rajya Sabha, baraza la juu la Bunge, mwaka 2013 uliruhusu talaka kwa kuvunjika kwa ndoa baada ya miaka 3 ya kutengana, ukampa mke haki ya kuipinga kama ingemtumbukiza katika dhiki kubwa ya kifedha, na ukaipa mahakama uwezo wa kumgawia sehemu ya mali ya mume. Makundi ya kutetea wanaume yalikipigia kelele kifungu cha mali, na wahafidhina wakakipigia kelele kifungu cha talaka. Yeyote kati yao aliyeutaja umaskini wa mke kama sababu ya kuukataa muswada alikuwa ameushika mkononi mwake utaratibu wa kuupunguza umaskini huo. Muswada ulikufa mwaka 2014 baraza la chini lilipomaliza muda wake bila kuupitisha. Tangu hapo mke wa Rajkot anayeipinga talaka kwa kuhofia njaa hana kifungu kinachompa nusu wala robo ya nyumba aliyoitunza miaka 20. Alichonacho ni haki ya kusema hapana, na haki hiyo, mumewe akiwa na nauli ya kufika Delhi, ibara ya 142 inaweza kuivuka.